Konzi ya Udongo

Miongoni mwa vitu ambavyo mwanadamu huvikanyaga kila siku bila ya kuvitazama, udongo ndio wa kwanza. Twaukung'uta viatuni kabla ya kuingia ndani, twauosha miguuni jioni, na mtoto akiutia kinywani hukaripiwa na kila amwonaye. Nataka kukueleza, msomaji, kwa nini mimi siwezi kuutazama hivyo tena. Nyumbani kwetu yupo mtu ambaye dawa inayomweka hai ilipatikana mwaka 1984 katika udongo wa Tsukuba, upande wa kaskazini mashariki wa Tokyo, mahali ambapo yeye hajapata kupaona.

Mtu huyo ni kaka yangu mkubwa. Figo zake zote mbili zilishindwa na kazi kabla hajatimiza miaka arobaini, na dada yetu, anayemfuata kwa kuzaliwa, akampa moja ya zake. Watu wa kijiji husimulia upasuaji ule kama watu wasimuliavyo vita, na ni haki yao, kwani palikuwa na hofu nyingi na michango mingi. Lakini upasuaji ulikwisha kwa saa chache. Tangu siku ile, miaka sita sasa, kazi iliyobaki hufanywa na vidonge vyake vya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Akiwa harusini, akiwa ndani ya basi, akiwa shambani, saa hiyo ikifika hunyamaza kidogo, hutia mkono mfukoni, humeza, kisha huendelea na maneno yake pale alipoyaachia. Figo ile imetoka kwa ndugu wa tumbo moja, walakini mwili haujui undugu. Kwa mwili wa kaka, figo ya dada ni mgeni, na mgeni hupigwa vita.

Tabia hii ya mwili ilianza kufahamika vizuri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huko Uingereza watu wengi waliungua moto, na madaktari wakajaribu kuwafunika majeraha kwa ngozi ya watu wengine. Ngozi ilishika siku chache, halafu ikafa ikabanduka. Mtaalamu mmoja, Peter Medawar, alichunguza kwa makini akaona kwamba ngozi ya mtoaji yule yule ikiwekwa mara ya pili hufa upesi kuliko mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba mwili hukumbuka. Una askari wake, na askari wale wana daftari la majina. Mwaka 1960 Medawar alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia.

Sasa tazama yaliyotokea kusini ya bara letu. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard na wenzake waliutoa moyo wa Denise Darvall, kijana wa miaka 25 aliyegongwa na gari, wakautia katika kifua cha Louis Washkansky, ambaye moyo wake mwenyewe ulikuwa umechoka kabisa.

Inafaa tusimame hapa kidogo tuutazame moyo wenyewe, maana wanafunzi wengi hudhani kuwa moyo hupiga kwa amri ya ubongo. Sivyo. Katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia limo fundo dogo la chembe ambalo hutoa umeme hafifu lenyewe, na kila umeme huo ukipita, misuli ya moyo hujikunja. Neva zitokazo ubongoni huharakisha mwendo au huupunguza, haziuanzishi. Ndiyo sababu moyo uliokatwa neva zake zote waweza kuanza kazi katika kifua kipya. Lakini hufanya kazi kwa namna ya peke yake. Neva ya kuupunguza mwendo imekatwa, basi hata mwenyewe akiwa amelala hupiga upesi kuliko wako na wangu, mara 90 au zaidi kwa dakika. Wewe ukishtuka, moyo wako huruka papo hapo. Moyo uliopandikizwa hungoja mpaka homoni ya mshtuko iufikie kwa njia ya damu. Mwenye moyo huo akianza kupanda kilima, hutangulia yeye, na moyo humfuata nyuma baada ya dakika chache. Nimelifundisha jambo hili mara nyingi, na kila mara hunishangaza mimi mwenyewe kuliko darasa.

Moyo ule wa Cape Town ulipiga. Washkansky aliamka, akasema na watu. Akaishi siku 18. Hakuuawa na moyo, bali na homa ya mapafu, kwa sababu madaktari walikuwa wamewadhoofisha askari wa mwili wake kwa dawa na kwa mionzi ili wasimpige mgeni, na viini vya mapafu vikaukuta mlango hauna mlinzi. Mwaka uliofuata mioyo zaidi ya 100 ilipandikizwa duniani, na wengi wa waliopandikizwa hawakuishi muda mrefu. Hospitali nyingi zikaiacha kazi hiyo. Mikono ya wapasuaji ilikwisha kujua la kufanya. Kilichokosekana kilikuwa dawa ya kuwatuliza askari wanaomkabili mgeni bila ya kuvunja jeshi lote.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, kwa adabu lakini bila ya kuzunguka: "Mwalimu, mimi nataka kuwa daktari wa moyo. Haya mambo ya kuvu, minyoo na majani yaliyooza yatanifaa nini?" Tulikuwa katika sura ya ekolojia, na wenzake wakacheka kwa kuwa swali lilikuwa la wote. Jibu langu lilichukua vipindi viwili, nami sitakuchosha kwa lote.

Kampuni ya Sandoz ya mjini Basel, Uswisi, ilikuwa na desturi ya kuwaomba watumishi wake waendao safari warudi na udongo kidogo katika mifuko. Mwaka 1969 mmoja wao alirudi na udongo wa Hardangervidda, uwanda wa juu wenye baridi kali nchini Norwei. Waliokuwa wakingoja udongo huo walitafuta dawa ya kuua kuvu wabaya. Wakapata ndani yake kuvu aliyetoa kitu fulani, lakini kitu hicho kikawa dhaifu kwa kazi waliyoikusudia. Mtu asiye na subira angalimwaga udongo ule nje ya dirisha. Wao walikuwa na utaratibu wa kukijaribu kila kitu kwa njia nyingi, na mwaka 1972, katika kazi ya Hartmann Stähelin na Jean-François Borel, ikaonekana kwamba kitu kile huwatuliza askari wa mwili bila ya kuziua ovyo chembe nyingine. Kikaitwa saiklosporini.

Basi dawa ilikuwapo, ingefikaje? Hili ni swali ambalo watu hulisahau. Dawa iliyomo chupani si dawa bado. Saiklosporini haikubali kuyeyuka katika maji, na mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa. Katika maabara ya Roy Calne mjini Cambridge alikuwako mtafiti kutoka Ugiriki, Alkis Kostakis, ambaye kazi yake ilikuwa kupandikiza mioyo ya panya katika panya wengine. Yeye aliiyeyusha dawa ile katika mafuta ya zeituni yaliyotoka kwao. Panya wakaipokea, na mioyo ya kigeni ikadumu ndani yao kwa muda ambao haukutazamiwa. Mafuta ya jikoni, msomaji! Mwaka 1978 Calne alianza kuwapa wagonjwa saiklosporini, mwaka 1983 ikaidhinishwa Marekani, na wapasuaji waliokuwa wameweka visu vyao chini wakavitwaa tena.

Na kuvu yule mwenyewe alikuwa nani? Watu walimkuza katika mapipa ya viwanda kwa miaka mingi pasipo kujua maisha yake ya porini. Mwaka 1996 Kathie Hodge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza kwamba kiumbe huyo anayo hali nyingine ya maisha: humwingia buu wa mbawakawa aliyejificha ardhini, humla kutoka ndani, kisha huchipuza nje ya mzoga ili atawanye spora zake. Mimi hupenda kufikiri kwamba si ajabu kiumbe aishiye ndani ya mwili wa mwingine akawa na ujuzi wa kuwanyamazisha walinzi. Lakini hiyo ni dhana yangu. Usiiandike katika mtihani.

Udongo wa pili ninaotaka kuusimulia ulitoka mbali zaidi. Rapa Nui, au Kisiwa cha Pasaka, kimo katika Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pwani ya Chile. Mwishoni mwa mwaka 1964 ujumbe wa madaktari na wataalamu kutoka Kanada ulikwenda huko kwa meli kuchunguza afya ya wenyeji, watu wapatao elfu moja, kabla ya kisiwa kujengewa uwanja wa ndege na kufunguliwa kwa dunia. Miongoni mwao alikuwamo Georges Nógrády, mtaalamu wa viini. Aliwaona wenyeji wakitembea pekupeku katika ardhi iliyojaa farasi. Mavi ya farasi ni makao mashuhuri ya viini vya pepopunda. Lakini watu wale hawakuwa wakiugua pepopunda kama ilivyotazamiwa. Akakigawanya kisiwa sehemu 67, akachota udongo katika kila moja.

Sehemu ya udongo ule ilifika katika maabara ya kampuni ya Ayerst mjini Montreal, na humo akapatikana bakteria wa jamii ya Streptomyces. Jamii hii waijua hata kama hujapata kuisikia. Harufu ile itokayo ardhini mvua ya kwanza inapoanguka baada ya kiangazi, ambayo hapa kwetu Machakos huwafanya wazee watoke nje wasimame tu wakivuta pumzi, sehemu yake kubwa hutengenezwa na bakteria hawa. Yule wa Rapa Nui alitoa kitu cha kuwazuia kuvu wasikue. Suren Sehgal na wenzake wakakitenga, wakakipa jina la kisiwa: rapamaisini. Habari zake zilichapishwa mwaka 1975. Lakini kitu hicho kilidhoofisha pia askari wa mwili, na kwa dawa ya kuvu hilo ni kosa kubwa. Kampuni ikapoteza hamu. Ilipoifunga maabara ya Montreal mwanzoni mwa miaka ya 1980, Sehgal alichukua vichupa vya bakteria wale akaviweka nyumbani kwake, katika jokofu la familia, pamoja na vyakula. Vikakaa humo miaka kadhaa mpaka wakubwa wapya walipokubali kazi ianze tena. Mwaka 1999 rapamaisini iliidhinishwa Marekani kwa watu waliopandikizwa figo. Kosa la dawa ya kuvu lilikuwa ndilo sifa ya dawa ya figo.

Lakini kwa nini silaha ya bakteria dhidi ya kuvu imguse mwanadamu? Jibu lilitoka tena Basel, mwaka 1991, na mnyama wa majaribio alikuwa hamira, yaani hamira hii hii inayoumua maandazi. Joseph Heitman, Rao Movva na Michael Hall waliona kwamba ndani ya hamira mna protini inayoiambia chembe ikue au isikue, na kwamba rapamaisini huikamata protini hiyo. Baadaye ikagunduliwa kwamba sisi nasi tunayo protini ya namna hiyo hiyo. Askari wa mwili wanapomwona mgeni huongezeka kwa wingi. Rapamaisini huwazuia wasiongezeke. Kuvu na mwanadamu waliachana zamani sana katika ukoo wa viumbe, ilhali swichi hiyo wameirithi wote wawili. Ninapowaambia wanafunzi kwamba viumbe vyote ni jamaa, wengine hudhani ninatia chumvi.

Kutoka hapo dawa ya figo ikaingia katika moyo. Mshipa unaoulisha moyo damu ukizibika, madaktari huupanua kwa bomba dogo la wavu wa chuma liitwalo stenti. Chuma kile hufungua njia. Lakini ukuta wa mshipa, kwa kuona umeumizwa, huotesha chembe nyingi za kuponya jeraha, na kwa wagonjwa wengi chembe hizo ziliziba tena mahali palipofunguliwa. Ingefaa dawa ya kuzuia chembe zisikue, lakini kumnywesha mtu mzima dawa kwa ajili ya kovu lisilozidi urefu wa ukucha ni kuinyweshea shamba zima kwa ajili ya mche mmoja. Basi chuma chenyewe kikapakwa rapamaisini, itoke kidogo kidogo kwa majuma kadhaa pale pale ilipotakiwa. Eduardo Sousa na wenzake wa São Paulo, Brazili, ndio waliotangulia kuweka stenti za namna hii katika mioyo ya watu, mwishoni mwa mwaka 1999. Mwaka 2003 zikaidhinishwa Marekani.

Dawa ya kaka yangu ni ndugu wa hizi. Huitwa takrolimasi, na bakteria wake wa Tsukuba ni Streptomyces kama wa Rapa Nui. Njia yake ni nyembamba: ikipungua katika damu, askari huamka, ikizidi, huidhuru figo ile ile inayoilinda. Kwa hiyo hupimwa damu mara kwa mara. Mama yetu ana mbalungi nyuma ya jiko, ulipandwa na baba, na tangu siku ya upasuaji kaka hajaonja tunda lake. Balungi hukizuia kimeng'enya cha utumbo ambacho huivunja dawa hiyo, basi dawa nyingi kupita kiasi huingia katika damu. Mama hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Hata chungwa humenya mwenyewe mbele ya macho yake kabla ya kumpa mwanawe.

Mwaka juzi duka la dawa alilozoea lilikosa vidonge vile, na la pili likakosa, na la tatu likawa na bei ambayo hatukuwa nayo siku hiyo. Dada alipopata habari alifika usiku ule ule kutoka Nakuru. Aliketi sebuleni bila ya kuvua koti, akaomba kopo, akamimina vidonge juu ya meza, akavihesabu. Vilikuwa vinane.

"Dada, pumzika kwanza, umetoka safarini," kaka alimwambia.

"Kaka, figo hii si yako peke yako," akajibu, naye hakuinua macho.

Siku ya pili binamu yetu alipata vidonge Mombasa, akavituma kwa basi la usiku, nami nilikuwa kituoni tangu saa kumi alfajiri. Nilipoipokea bahasha ile niliona jinsi ilivyo nyepesi. Ninalisimulia hili kwa sababu vitabu vya sayansi huishia pale dawa inapogunduliwa, na mara nyingine pale inapoidhinishwa; na mimi naona safari ya dawa haijakwisha mpaka imefika mkononi mwa mtu, saa mbili usiku, kwa bei anayoiweza.

Liko na deni jingine. Watu wa Rapa Nui waliwapokea wageni, wakatoa damu na mate yao yapimwe, na udongo wao ukaenda zake. Dawa iliyotokana nao imeuzwa kwa mali nyingi sana, na jina la kisiwa limo ndani ya jina la dawa. Wenyeji hawakupata fungu. Usidhani hayo ni mambo ya bahari ya mbali. Kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, hapa kwetu, vilichukuliwa vijidudu ambavyo vimeng'enya vyake vilikwenda kufanya kazi ya kufulia na kupausha nguo katika viwanda vya ng'ambo, na Shirika la Wanyamapori la Kenya likadai haki ya nchi. Leo iko Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 ikaanza kutumika mwaka 2014, ambayo yataka mwenye kuchukua kiumbe cha nchi nyingine aombe ruhusa na akubaliane juu ya faida. Kenya imeiridhia. Lakini mkataba hulinda kile ambacho bado kipo. Kila msimu wa mvua mto Athi hupita ukiwa mwekundu, na bahari ya Malindi, mahali mto huo unapomwagika kwa jina la Sabaki, hugeuka rangi ya chai. Udongo huo unaokwenda ni wa vilima vyetu. Babu zetu walichimba matuta kuuzuia, na matuta mengi yamebomoka bila ya mtu wa kuyatengeneza.

Muhula huu niliwaagiza wanafunzi kila mmoja alete konzi ya udongo kutoka kwao, na aandike ulikochotwa: chini ya mti gani, karibu na zizi au kisima, kina gani. Tulichemsha viazi, tukachanganya maji yake na agari na sukari kidogo, tukamimina katika visahani vyenye vifuniko, tukapaka chembe za udongo, tukavifunga kwa utepe visifunguliwe tena. Baada ya juma moja visahani vilikuwa bustani: weupe wa pamba, kijani cha ukungu wa mkate, madoa ya rangi ya waridi. Katika kimoja, ambacho udongo wake ulitoka chini ya mwembe karibu na boma la mbuzi, lipo doa dogo kavu, la kijivu kama chokaa, na pande zote limezungukwa na pete tupu ambamo ukungu haukuota. Wanafunzi wamekiandika kisahani hicho namba 14, na wameniomba nisikitupe pamoja na vingine.